Gumu la Ubishi

Fundi Mfaume alizikwa Mchinga siku ya Jumanne, na mimi nilifika Alhamisi. Wenzetu Waislamu hawamweki maiti kusubiri wageni, na kutoka Masasi mpaka pale, kwa mtu wa umri wangu mwenye gari la umri wangu, si safari ya kukurupuka. Nilikuta turubai bado limefungwa uani, wazee wachache wamekaa mkekani, na masufuria ya hitima yamekwisha kuoshwa na kuegemezwa ukutani. Nikatoa pole, nikapewa kahawa na kipande cha haluwa. Mzee mmoja akaniuliza nilikuwa nani kwa marehemu. Swali jepesi hilo, lakini lilinishinda. Mwishowe nikasema, "Alinitengenezea gari zamani." Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akasema marehemu aliwatengenezea watu wengi magari. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote maishani mwangu, hata udereva unafuata nyuma yake, na mwaka ninaotaka kuusimulia hapa ndio mwaka nilioanza kuifanya kwa bidii.

Habari za wazazi wangu na kijiji nilichozaliwa huko Newala nitaziruka. Watu wanaoandika maisha yao hupenda kuanza na bibi na babu, ukifika kwao wenyewe umekwisha choka. Mimi nianze Nangurukuru, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na leseni mpya mfukoni. Zilikuwa zama za ruksa. Vitu vilivyokuwa adimu vilianza kuonekana madukani: sabuni za kunukia, betri za redio, kanga za rangi usizowahi kuziona, na pamoja na hivyo magari ya Kijapani yaliyokwisha tumika kwao. Mzee Abdalla, aliyekuwa akinunua ufuta na machungwa ya Umatumbi, alishuka Dar es Salaam akarudi na pikapu nyeupe, mlangoni ina maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyeyajua. Wengine walisema ni jina la duka la samaki, wengine wakasema ni dua. Nyuma ya kichwa cha dereva palikuwa na dirisha ambalo kioo chake kilivunjika melini, tajiri akaweka wavu wa chuma badala yake. Nakuomba msomaji uukumbuke wavu huo.

Kazi yangu ilikuwa kuliendesha gari hilo kutoka Nangurukuru, kufuata barabara kuu hadi Njia Nne, kisha kuingia kushoto na kupanda vilima mpaka Kipatimu, halafu kurudi. Watu walikaa nyuma kwenye mabenchi mawili ya mbao, mizigo katikati. Mbele nilikaa peke yangu, kwa sababu kiti cha pili tajiri alikihifadhi kwa ajili yake mwenyewe, na tajiri hakusafiri. Nilikuwa nakaa na kiti kitupu saa sita kwa siku. Jioni narudi chumbani kwangu, nyuma ya duka la mafuta ya taa: kitanda cha kamba, ndoo, jiko la mkaa, na ukuta wa miti na udongo uliopasuka kiasi kwamba niliwajua majirani kwa sauti kabla sijawajua kwa sura. Mke alikuwa anamwambia mumewe kila siku kwamba chumvi imezidi kwa sababu yeye ndiye aliyemchelewesha, na mume anajibu, "Leta hivyo hivyo." Nilikula ugali wangu wa muhogo nikiwasikiliza. Kuna siku mwanamke yule alisafiri, na chakula changu hakikuwa na ladha. Ukaja mwezi wa Ramadhani, na mimi Mkristo nikawa napika mchana nimefunga mlango, naogopa harufu ya dagaa isitoke nje. Jioni watu walikaribishana futari uani, na kila mmoja aliyepita alisema, "Karibu, Mmakonde." Nilijibu ahsante, nimeshiba. Nitafuturu nini na mimi sikufunga? Kumbe walikuwa wananikaribisha chakula, hawakuwa wanahesabu saumu yangu. Hilo nalo nilikuja kulielewa nimekwisha zeeka.

Gari lile lilipokuja lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya lami na mizigo ya adabu. Ukilipakia magunia matano ya machungwa, mkia unakaa chini, pua inatazama mbinguni, na usukani unakuwa mwepesi mpaka unajiuliza kama magurudumu ya mbele bado yapo. Kwenye rasta, yale mawimbi madogo ya barabara ya kifusi, lilikuwa linateleza upande taratibu bila kukuaga. Tajiri akaniambia nilipeleke kwa Fundi Mfaume, mtengeneza springi, aliyekuwa na banda lake la mabati kwenye njia ya kuelekea Njia Nne. Nilimkuta mtu wa makamo, mwembamba, mikono imejaa makovu ya moto. Nilimsalimia shikamoo mara mbili, hakujibu. Nikaenda mbele yake, akanitazama mdomoni, ndipo akasema, "Marahaba. Nyundo imekula masikio yangu. Ukitaka kusema na mimi, njoo huku mbele." Na kweli, ukiwa mbele yake, hakuna neno lililompita.

Hakufungua hata boliti moja kabla ya kulisikiliza gari kwa namna yake. Aliweka viganja viwili juu ya bodi, pembeni ya taa ya nyuma, akaliminya chini kwa uzito wake wote, akaliachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. "Umeona?" akasema. "Likirudi mara moja likatulia, shokapu ni nzima. Hili linacheza ngoma." Siku hizo wengi tulikuwa tukiziita shokomzoba, na kuna waliodhani kazi yake ni kubeba mzigo. Mfaume alinieleza kwamba mzigo unabebwa na springi, zile pleti za chuma zilizopinda, zilizolaliana juu ya ekseli. Shokapu kazi yake ni kuinyamazisha springi ikishafanya kazi, maana springi ikiachiwa yenyewe haijui kunyamaza. Akatoa pleti zote, akazipasha moto moja moja kwenye mkaa, akazipinda upya kwa nyundo, akazizamisha kwenye oili chafu. Akaongeza pleti moja fupi chini yake, moja tu, aliyoichagua kwa kuigonga na kuigusa. Akakata bushi mpya, zile pete za mpira za kwenye ncha za springi, kutoka kwenye tairi kuukuu, kwa sababu zile za Kijapani zilikwisha liwa. Akafunga shokapu mpya nne zilizoagizwa Dar. Alipomaliza akaliminya tena. Likashuka, likapanda, likatulia. Akanishika mkono, akaniwekea kiganja changu pale pale kwenye bodi, akanifanya nirudie mwenyewe. Ni mtu wa kwanza kunigusa tangu nifike Nangurukuru, na sioni aibu kusema kwamba nililikumbuka jambo hilo siku nyingi.

Tangu siku hiyo gari likawa na mwendo mwingine. Lilipita kwenye rasta likisema kwa chini chini tu, likaingia kona na kutoka bila kulazimishwa, na mkia ukawa unafuata pale pua ilipopita. Ndipo nikaanza kuwasikia watu wa nyuma. Gari likitulia, watu huzungumza, na wavu ule uliyapitisha maneno yote mpaka shingoni mwangu. Nilisikia nani anaoa, nani amerogwa, nani amekwenda Mtwara akarudi na baiskeli isiyo yake. Na nilimsikia Mwalimu Sikudhani. Huyu alifundisha shule moja ya mlimani, kabla ya kufika Kipatimu, na kila Jumamosi alishuka Nangurukuru kununua mahitaji na kurudi jioni. Sikuzote alikaa mwisho wa benchi la kulia, mgongo umeegemea wavu. Sura yake niliiona pale tu alipopanda na kushuka. Sauti yake niliijua kuliko yangu.

Alikuwa msimuliaji, Mwalimu Sikudhani. Alisimulia jinsi mwalimu mkuu alivyomfukuza kuku wa mkaguzi akidhani ni wake, na jinsi mtoto mmoja wa darasa la tatu alivyoandika kwenye mtihani kwamba mto Rufiji unaishia kwa shangazi yake. Aliwahi kununua koti la mtumba mnadani, akakuta mfukoni barua ya Kizungu, imekunjwa vizuri, haijapelekwa. Hakuweza kuisoma yote, lakini alielewa kwamba aliyeiandika alikuwa anaomba radhi. "Sasa niambieni," akasema, "barua ya radhi isiyofika, mtu aitupe au aiweke? Wewe ungefanyaje?" Kina mama hawakumjibu, walikuwa wanapanga bei ya vitunguu. Mimi nilimjibu moyoni: iweke, Mwalimu. Wiki iliyofuata akakisimulia tena kisa kile kile. Mama mmoja akamwambia, "Mwalimu, hicho umeshatusimulia." Akajibu, "Kuna wengine hawajasikia." Nikadhani anawasema abiria wapya.

Ungefikiri mtu aliyepewa hayo angetosheka. Lakini pale Nangurukuru, nje ya kibanda cha mama ntilie mmoja, palikuwa na benchi la madereva, na mbele ya benchi palikuwa na sinia. Madereva walikula pamoja kwenye sinia moja, wali na samaki wa nazi, wakisimuliana walivyokwama na walivyojikwamua. Mimi nilikula ndani, kwenye meza ya abiria. Mkubwa wao alikuwa Chande, dereva wa gari la mkaa, mtu wa maneno. Aliposikia abiria wanasema gari la yule Mmakonde ni kama kitanda, akanipa jina hilo hilo. "Kitanda kimefika. Kitanda, leo umelaza wangapi?" Kwao gari lilisifiwa kwa neno moja tu: ngumu. Gari gumu, mkia juu, pleti nyingi zinazoonekana kwa nyuma, likipita mahali watu wanajua limepita. Gari laini lilikuwa la wagonjwa. Ni utani, najua. Sisi watu wa kusini tunataniana hata kwenye jeneza. Lakini anayetaniwa akiwa na wenzake hucheka, na mimi sikuwa na wa kucheka naye. Nikaenda kwa tajiri nikamwambia tuongeze pleti mbili, gari libebe zaidi. Alifurahi sana, akanisifu kwamba nina uchungu na mali yake.

Fundi Mfaume alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza. "Unataka gari gumu," akasema. "Haya. Gumu la kudumu, au gumu la ubishi?" Nikamwuliza tofauti yake. "La kudumu umeshapata. Hilo linakubali njia, ndiyo maana litaishi. La ubishi linagombana na kila jiwe." Akagonga goti lake mwenyewe. "Hii ni springi. Ifunge kwa miti, uone utatembeaje. Springi haibebi mzigo peke yake, Mmakonde, inabeba na njia." Nikamwambia tajiri ndiye aliyeamua. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na nina hakika aliusoma mdomoni vile vile. Alivuta pumzi, akachagua pleti mbili nene za lori, akazikata, akazifunga. Mkia ukapanda juu, na pua ikainama mpaka taa zikawa zinamulika tairi zake zenyewe. Nilipofika kwenye benchi Chande alizunguka gari lile mara moja, akainama kutazama chini, akasema, "Sasa huyu amekuwa mwanamume." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Likiwa na mzigo kamili lilisimama vizuri, nakiri. Likiwa na watu wanane na vikapu vyao, lilikuwa balaa. Kwenye rasta magurudumu ya nyuma yalikuwa hewani nusu ya muda, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halijui kona. Nikikata kona, mkia ulitaka kutangulia. Nikipunguza mwendo, kila shimo lilipanda mpaka kwenye uti wa mgongo. Lakini lililonipata kwa kweli halikuwa hilo. Nyuma kulikuwa kimya. Huwezi kusimulia kisa huku umekamata chuma kwa mikono miwili na unaulinda ulimi usiumwe. Nilisikia tu mabenchi yakigonga na mtu akisema "Yarabi." Zilipita wiki tatu hivyo, na kile kiti kitupu pembeni yangu kilionekana kikubwa zaidi ya siku zote.

Jumamosi ya tatu, tumesimama Njia Nne kupakua ufuta, nilimsikia tena Mwalimu Sikudhani. Alikuwa anasema na mwanamke mwenzake kwa sauti ya chini. Mama yake, Bi Somoe, alianguka kisimani akavunjika nyonga. Mganga wa mifupa wa kwao alimfunga, na mfupa umeanza kushika, lakini umeshika vibaya kidogo, inabidi aonwe na daktari Lindi. "Nitamshusha Jumamosi ijayo," akasema. "Mganga amesema asitikiswe. Akitikiswa utaachia, na kwa umri wake hautashika tena." Mwenzake akamwuliza, kwa gari gani? Akasema, "Kwa hili. Linatupatupa siku hizi, lakini huyu kijana ni mtu mwangalifu. Ataliangalia." Sijawahi kusifiwa hivyo, kabla ya siku ile wala baada yake. Nilikaa na usukani wangu nikiwa nimejua mambo mawili: kwamba yeye ananitegemea, na kwamba dawa ya gari lile naijua.

Nilikuwa na wiki nzima. Ijumaa baada ya alasiri nilikwenda kwa Mfaume, nikasimama mbele yake, nikamweleza. Hakunicheka wala hakusema, "Nilikuambia." Alisema, "Lete gari kesho nikishatoka msikitini alfajiri. Kuzitoa ni saa moja. Ukipanda mlimani litakuwa kama zamani." Nikamshukuru. Nilirudi stendi nimepata amani, nikaegesha. Chande alikuwa kwenye benchi, sinia limeshawekwa. Akasogea. Alisogea tu, akapiga kiganja pale palipoachwa wazi, akasema, "Damiani, kaa. Wali unapoa." Hakusema Kitanda. Nikanawa, nikakaa, nikala na watu kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwetu. Chande alinimegea kichwa cha samaki akaniwekea upande wangu. Mmoja akauliza kwa nini nilionekana bandani kwa Mfaume. Nikasema nilikwenda kukaza boliti. "Angalia," Chande akasema, "yule kiziwi asije akakulaza mkia tena." Wakacheka, na mkono wangu ulikuwa ndani ya sinia pamoja na mikono yao. Naandika haya nikiwa babu wa wajukuu saba, na bado naweza kukuambia wali ule ulikuwa na chumvi kiasi gani.

Alfajiri nilipokaribia banda la Mfaume nilimwona kwa mbali. Alikuwa amesimama kando ya barabara, jeki mbili chini, magogo ya kukingia yamepangwa, spana mkononi. Alikuwa ametandika hata gunia la kulalia chini ya gari. Nilipiga honi nikapita. Honi, kwa mtu asiyesikia. Kwenye kioo nilimwona amegeuka kunifuata kwa macho, na spana bado iko mkononi.

Bi Somoe aliletwa barabarani kwa machela ya kanga, akalazwa nyuma juu ya godoro, mabenchi yamesogezwa. Alikuwa mama mdogo wa mwili, anatabasamu kwa adabu kama mgeni. "Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea," akaniambia kabla sijamsalimia, watu wakacheka kidogo. Niliendesha polepole kuliko mtu anayetembea. Haikusaidia. Gari gumu la ubishi halijali mwendo wako. Ukienda pole linagonga kila jiwe kwa zamu, ukienda haraka linayagonga yote pamoja. Nilisikia kupitia wavu sauti moja tu, ya mama yule, akihesabu dua kwa pumzi. Mara tatu Mwalimu Sikudhani alisema, "Taratibu, kaka," na mara ya nne hakusema. Kwenye kona ya mteremko wa mwisho, kabla ya kukutana na barabara kuu, magurudumu ya nyuma yaliruka kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, mkia ukaenda upande, nikaudaka kwa usukani. Gari halikupinduka. Lakini godoro liliteleza, na nilisikia Bi Somoe akilia mara moja, kifupi. Alipopata pumzi alisema, "Umeachia." Hakuna aliyeuliza nini.

Nangurukuru tulimhamishia kwenye gari la kwenda Lindi. Fundi Mfaume alikuwepo stendi, alikuwa amekuja kwa miguu. Mwalimu Sikudhani aliinama akatazama chini ya pikapu, akaziona zile pleti, maana zilikuwa nene na ngeni pale. Akainuka. Hakupaza sauti. "Nani ameifanya hii?" Alinitazama mimi, na ndiyo mara ya kwanza tulipotazamana usoni sawasawa. Midomo yangu ilifunguka. Chande na wenzake walikuwa kwenye benchi wanatazama. Mfaume, aliyekuwa amesimama mbele yake, akasema, "Mimi. Dereva alinikataza, sikumsikia. Masikio yangu mabovu, dada yangu. Unisamehe." Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi, akangoja. Niliona kabisa kwamba anangoja. Kisha akapanda kwa mama yake wakaondoka.

Jumatatu nilimpelekea Mfaume gari akazitoa zile pleti. Abiria wakaanza kuzungumza tena nyuma yangu, siku ile ile. Mwalimu Sikudhani hakupanda tena. Nilikuwa namwona Jumamosi kando ya njia, amesimama na kapu lake, na nikipunguza mwendo anatazama pembeni, anangoja gari linalofuata. Bi Somoe hakusimama tena kwa miguu yake. Mwaka ulipokwisha niliondoka, nikaendesha malori Masasi na Tunduru miaka iliyobaki, na nikasikia kwa watu kwamba Mfaume alifunga banda akarudi kwao Mchinga, na kwamba amemwoa yule mwalimu, akamchukua na mama yake na kumtunza mpaka mama huyo alipokufa. Watu walishangaa: msimuliaji yule na kiziwi. Mimi sikushangaa. Niliona wivu, na sikuwa na haki nao.

Basi nilipokuwa nimemaliza kahawa yangu pale msibani, binti mmoja akatoka ndani akasema mwenye eda ameuliza kama yule mgeni ni Damiani, na kama ni yeye, asogee dirishani. Mjane aliye edani hakai na wanaume wasio ndugu zake. Nikaenda nyuma ya nyumba. Palikuwa na dirisha dogo lenye nondo na pazia la kitenge, nikasimama pembeni yake.

"Umezeeka?" sauti ikauliza. "Maana sikuoni."

"Nimezeeka, Mwalimu. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Umekuja kwa gari?"

"Nimekuja kwa gari." Nikashika ukuta. Nilijua kwamba nikisubiri kidogo tu nitaanza kuuliza habari za watoto. "Mwalimu, Fundi hakukosea. Mimi ndiye niliyetaka zile pleti, tajiri mwenyewe nilimshawishi mimi. Fundi ndiye aliyenikataza. Na asubuhi ile alinisubiri azitoe, nikampita. Nilikuwa nimesikia ulivyosema habari za mama. Nilisikia yote."

Nikasikia akicheka bila furaha.

"Mfaume alikuwa haachi neno likampita ukiwa mbele yake. Mtu wa namna hiyo akatazwe, asisikie? Nilijua kabla jua halijazama siku ile. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, Damiani. Nilikuwa nasimama pale njiani, kila Jumamosi, naliacha gari lako lipite, ili usimame uniulize kwa nini sipandi."

"Ungeniambia."

"Nikuambie kwa namna gani tena? Lile koti na barua yake, ungefanyaje, ungefanyaje. Wale kina mama walikuwa wamekichoka kisa kile. Ulidhani nilikuwa namwuliza nani?"

Pazia halikusogea. Nilitaka kumwambia kwamba nilimjibu, kwamba jibu langu lilikuwa aiweke, lakini nilikuwa nimechelewa kwa miaka thelathini na zaidi. Nikasema, "Mungu amlaze pema Fundi." Akaitikia, "Amina." Kisha akamwita yule binti aniletee maji ya kunawa, nile kabla sijaondoka.

Nilikula mkekani na wale wazee, sinia moja, wali na samaki. Halafu nikatoka kwenda kwenye gari langu. Sijui kwa nini, niliweka viganja vyangu juu ya bodi pembeni ya taa ya nyuma, nikaliminya kwa uzito wangu wote, nikaliachia. Likapanda, likashuka, likapanda, likashuka tena. Shokapu zimekwisha. Nilisimama pale nikifikiri nimpelekee nani.